Kwa nini programu nyingine za muziki zina jina baya hata zikitoa kazi nzuri?

#1 MzeeWaBesi

Wakuu, kuna jambo limenikaa kooni, leo nalitema.

Nilikuwa namiksia msanii mmoja wimbo wake, yaani nachanganya na kusawazisha sauti zake. Yeye kakaa nyuma yangu, wimbo unapiga kwenye spika, kichwa kinakwenda, mkono unapiga paja. Akaomba besi ishuke kidogo. Nikamwambia sogea basi uone naishusha wapi. Akasogea, akaiona ile safu ya vibonye 16 vya rangi, akanitazama usoni: "Kumbe unatumia FL?" Anamaanisha FL Studio, programu yangu ya kutengenezea muziki.

Kuanzia pale wimbo ukaugua. Kinanda kikawa "cha kompyuta". Sauti yake ikawa "haina joto". Besi, ileile aliyokuwa anaipigia paja, ikawa "ya plastiki". Na mimi sikuwa nimegusa kitu bado.

Sitaki tugombane programu ipi ni bora, ugomvi huo tumeuzoea na hauishi. Nauliza hivi: kwa nini programu ikishapakwa matope haitakati, hata ikibadilika yote?

Naanza na FL kwa kuwa ndiyo iliyoniletea aibu. Ilianza mwishoni mwa 1997 ikiitwa FruityLoops, kazi ya Didier Dambrin wa Image-Line, kampuni ya Ubelgiji. Toleo lile lilikuwa kijimashine cha kupanga ngoma kwa MIDI (maagizo ya noti, si sauti yenyewe), basi. Kurekodi mwimbaji humo, sahau. Aliyesema wakati ule kwamba ni mchezo wa watoto alikuwa na haki yake. Na jina lenyewe! Lilikaribiana na nafaka za watoto za Kellogg's hadi likazua mgogoro wa alama ya biashara, na 2003 likageuzwa kuwa FL Studio. Miaka ikaenda, ikapata kurekodi sauti, ikapata miksa ya maana, na 2018 toleo la 20 likaja na la Mac pamoja na uwezo wa kubadilisha hesabu ya mapigo katikati ya wimbo. Lakini msikilize mtu anayeiponda: anaiponda ile ya 1997. Wengine walikuwa hawajazaliwa.

#2 SneaKavu

Mteja wako anasikiliza kwa macho. Siku nyingine funika skrini kwa kitambaa.

#3 KinandaKimya

Mnatafuta mchawi mbali. Sifa ya programu inatengenezwa na wanaojifunzia humo.

FL tangu zamani ilikuwa rahisi kuifikia. Ile ya majaribio wanakupa karibu kila kitu, kasoro moja: ukishahifadhi mradi na kufunga, huufungui tena mpaka ununue. Ila wimbo unaweza kuutoa kama faili. Kwa hiyo kijana ana njia mbili: amalize biti (mdundo wa wimbo) kwa mkao mmoja, au atafute kopi ya wizi. Njia iliyochaguliwa na wengi mnaijua, na baadhi yenu mko humuhumu mnasoma.

Sasa piga picha. Umati wa watu wanatoa biti yao ya kwanza kabisa maishani, programu moja, kiki (ngoma nzito ya chini) ileile iliyokuja nayo, makofi yaleyale. Biti ya kwanza ya mtu ni mbaya. Yangu ilikuwa mbaya, kiki na besi zinagombana kama ndugu kwenye mirathi. Zote zikamwagwa kwenye intaneti. Msikilizaji akakutana na ubaya wa aina moja mara mia, kila akiuliza umetengenezewa wapi anajibiwa FL. Hesabu ikafungwa.

Halafu tazama upande wa pili. Pro Tools, programu ya studio kubwa, ilitoka 1991 kwa kampuni ya Digidesign. Ukiacha ile ya bure ya traki 8 waliyowahi kuitoa, kwa karibu miaka 20 huiwashi bila kifaa cha kuingizia sauti kutoka kwao au kwa ndugu zao. Mpaka toleo la 9, mwaka 2010, ndipo wakakuruhusu kutumia kifaa chochote. Maana yake anayejifunza alikuwa nje ya geti. Nyimbo mbovu za Pro Tools zilikuwepo, tena nyingi, ila zilibaki nyuma ya milango mizito ya studio na hakuna aliyezisikia. Aliyesikika ni aliyeshalipia chumba, fundi na maikrofoni nzuri. Tukahesabu uzuri wa chumba, wa fundi na wa maikrofoni, tukauandika wote kwa jina la programu.

Na kero zake zikasamehewa. Mpaka 2013 lilipotoka toleo la 11, ukitaka kutoa wimbo wa dakika tano unakaa dakika tano ukiusikiliza unatoka, na ukikosea unarudia. Wenzio kwenye programu za "watoto" wanatoa kwa sekunde kadhaa. Kuna mteja aliyewahi kukuambia Pro Tools ni mchezo kwa sababu hiyo? Hakuna.

#4 SneaKavu

Kama ndugu kwenye mirathi 😂😂 nimekwama hapo.

#5 FundiWaya

Hoja nzuri, ila msitupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimefanyia kazi programu nne tofauti. FL INA sauti yake. Nikichukua kiki na besi zilezile nilizokuwa nazo Cubase, programu nyingine kama FL, nikazitupia FL, zinatoka zimebanwa, zimejaa, zimekuja mbele. Nimesikia zaidi ya mara moja. Msiniambie na mimi nasikiliza kwa macho, masikio yangu bado mazima.

#6 MzeeWaBesi

FundiWaya, umesikia kweli. Ila ulichokisikia sicho unachokidhania.

Fungua mradi mpya wa FL kwa kiolezo cha zamani cha kiwandani. Kabla hujaweka hata kiki moja, nenda kwenye miksa, chaneli ya masta (zinakopitia sauti zote mwishoni), angalia nafasi za plagini, viprogramu vya kuongezea. Utakuta limita, kizuizi cha sauti isipande kupita kiasi, imekaa pale, imewashwa. Hukuiweka wewe. Wameiweka wao ili anayeanza asipasue spika. Miaka na miaka watu wamepiga biti zao zote kupitia limita wasiyojua kuwa ipo, halafu wakaandika kwamba FL "inabana". Inabana ndiyo, limita kazi yake ni hiyo.

Nyingine ni kuegemeza sauti kushoto na kulia. Kila programu ina kanuni yake ya kiasi sauti inapungua au kuongezeka ukiitoa katikati. Moja inashusha desibeli 3, nyingine haishushi kitu, nyingine iko kati, na nyingi zinakuruhusu ubadilishe. Ukihamisha mradi na namba zilezile za kuegemeza, miksi itabadilika kidogo. Kidogo hicho sikio linakinasa, na sikio likinasa kilichopanda juu kwa nusu desibeli tu linasema hiki ndicho kizuri.

Kuna na kibonye cha sauti cha chaneli ya sampuli: FL inakianzishia 78%, si 100. Na Ableton Live, programu nyingine, nayo ina mtego wake. Ukiingiza faili ndefu inaweza kuamua yenyewe kuinyoosha iendane na kasi ya mradi, na ile namna ya kunyoosha inayoitwa Complex inagusa sauti, wenyewe Ableton wameliandika hilo wazi. Mtu hajui, anaishia kusema "Live ni nyembamba".

Ukiondoa vyote hivyo kinabaki kujumlisha, yaani kuunganisha traki zote kuwa sauti moja. Programu zote hizi zinajumlisha kwa hesabu za nukta inayoelea za biti 32 au 64 (biti za kompyuta, si za ngoma), na mbili na mbili ni nne kwenye zote.

Usiniamini, jaribu mwenyewe. Chukua faili sita za WAV, zote stereo. Ziweke FL, ziweke Cubase. Kila traki iwe 0 dB, usiegemeze chochote, masta iwe tupu kabisa. Toa kila upande faili moja. Ziingize zote mbili kwenye mradi wa tatu, zianze sampuli moja, kisha moja igeuze fezi, yaani mawimbi yake yawe juu chini. Kilicho sawa kitajifuta. Kikibaki hata mchuzi wa sauti, hiyo ndiyo tofauti yako, ilete hapa.

#7 FundiWaya

Sawa. Nitafanya wikiendi. Nikisikia kitu nakuja kuwaumbua.

#8 DadaFada

Mbona GarageBand hamuitaji? Au kwenye orodha ya wanaodharauliwa yenyewe hata haijafikia?

Apple walianza kuitoa 2004, na kwa kuwa mtu anaikuta kwenye Mac yake, basi inahesabiwa kama kikokotoo. Ngoma ya wimbo wa Rihanna ulioitikisa dunia 2007, Umbrella, ni lupu (kipande cha kujirudia) ya GarageBand. Inaitwa Vintage Funk Kit 03. Mtu yeyote mwenye programu anaipata, anaiburuta, inapiga. Watu walipogundua, baadhi yao wakaona wametapeliwa! Wimbo wameupenda, wameucheza, kisha wanakasirika kwamba ngoma ilikuwa karibu mno na mkono wao. Mimi hapo ndipo nilipoelewa kwamba kinachotafutwa ni ugumu. Kitu kikipatikana kirahisi, thamani yake inashuka machoni hata kama masikioni hakijabadilika.

Ndiyo maana wanaume wengi studio (samahanini, lakini ni nyinyi) wanapenda skrini iliyojaa vijimita na vibonye vya kijivu. Nimefanya kazi na fundi mmoja aliyekuwa akifungua plagini tatu kwenye masta, zote amezizima zisiguse sauti, ili mteja akigeuka aone madirisha yake yanawaka.

Na Soulja Boy, rapa wa Marekani, mlimfanyaje? 2007 hiyohiyo, kijana mdogo, biti ya FruityLoops, wiki 7 namba moja Marekani. Badala ya kuwa ushahidi kwamba programu inafanya kazi, ikawa ushahidi kwamba muziki umekufa. Ila 9th Wonder alipoingiza biti yake kwenye The Black Album ya Jay-Z 2003, naye alijulikana kwa FruityLoops, watu wakasema huyu ni kipaji, programu haikumzuia. Kwa hiyo kazi ikipendwa na wakubwa sifa ni ya mtu, ikidharauliwa lawama ni ya programu. Programu itoke lini hapo?

#9 KinandaKimya

DadaFada umenifungia mjadala. Hiyo ya kuzima plagini ziwake tu nimeifanya, sitasema lini.

#10 SintiMzee

Nimesoma kimya toka juu. Mnazungumza kama vile jina baya siku zote ni uonevu. Kuna majina mabaya yaliyotafutwa kwa jasho.

Chukueni Cakewalk. Programu ya tangu 1987, ina wafuasi wake waaminifu kabisa, ikageuka kuwa Sonar. Gibson, kampuni ya magitaa, wakainunua 2013. Mwaka 2016 watu wakauziwa masasisho ya maisha. Maisha! Novemba 2017 Gibson wakatangaza kwamba utengenezaji umesimama. Maisha ya nani yale, sijui, maana ya wanunuzi bado yalikuwa yanaendelea. Bahati nzuri BandLab wakaichukua Februari 2018 na kuigawa bure. Programu ikawa nzuri kuliko ilivyokuwa, ikafanya kazi, bure. Umeona waliorudi? Mimi sikurudi. Sina ubaya nayo, lakini kila nikitaka kuanza mradi mkubwa nasikia kasauti kananiuliza: na hii nayo mpaka lini?

Waves, watengeneza plagini, nao Machi 2023 wakaamka siku moja wakasema hatuuzi tena plagini za kununua moja kwa moja, ni kukodi tu kwa mwezi au mwaka. Zogo lililolipuka mnalikumbuka. Siku chache tu wakarudi nyuma, wakarudisha za kununua. Kelele za mtandaoni zilihamia kwingine, ila nenda leo uwataje mbele ya mafundi, neno la kwanza halitakuwa kuhusu sauti za plagini zao.

Yangu binafsi: nilikuwa na sinti, yaani kinanda cha ndani ya kompyuta, ya kampuni moja ndogo, siitaji. Niliilipia halali. Nyimbo kama kumi zimejengwa juu yake. Kompyuta ikafa, nikanunua nyingine, nikaweka sinti, ikaomba idhini kwenye seva yao. Seva haipo. Nimeandika barua pepe, hairudi hata kukataliwa. Nikifungua miradi ile sasa traki zipo, noti zipo zimepangwa vizuri kabisa, na mahali pa sinti pana kisanduku cha kijivu kinachosema plagini haikupatikana. Unabonyeza pleya, unaona noti zinapita, hakuna sauti. Kaa dakika moja unatazama hivyo halafu uje unieleze kwamba sifa ya programu inatoka kwa wanaojifunza.

Toka siku ile kila sehemu ya sinti naitoa kama WAV kabla sijafunga mradi. Hata ya programu ninayoipenda.

#11 MzeeWaBesi

SintiMzee, hapo sina ubishi. Niliianza mada nikiwa nimewaza sauti tu. Kumbe kuna jina baya la sauti, ambalo mara nyingi ni uzushi, na kuna jina baya la uaminifu, ambalo mara nyingi ni kumbukumbu. Hilo la kwanza unaweza kulifuta kwa jaribio la nusu saa. Hilo la pili sijui utalifuta kwa nini. Image-Line wamejaribu kwa njia yao: ukinunua mara moja masasisho yote yanayokuja ni bure, na tangu waahidi bado wanatimiza. Cha ajabu, hao waaminifu ndio wanaoitwa mchezo wa watoto.

#12 LupuLaZamani

Reason imesahaulika humu. Propellerhead wa Sweden, 2000. Ilikuwa rafu ya mashine za muziki kwenye skrini, unabonyeza Tab inageuka unaona nyuma, nyaya zinaning'inia na zinabembea kidogo. Mimi nilikuwa nabonyeza Tab kwa starehe tu, bila sababu. Haikufii mkononi hata siku moja. Ila huwezi kurekodi sauti, plagini za VST, zile za kampuni nyingine, huweki. Kurekodi kukaingia ndani ya Reason yenyewe 2011, VST ikaja 2017. Miaka 17! Walipofungua mlango wageni walishahamia kwa watu wengine. Kwa hiyo nyongeza yangu: kuchelewa nako kunaua. Na anayeambiwa "huwezi kufanya wimbo kamili humo" hatarudi kuangalia kila mwaka kama sasa unaweza.

#13 MtuWaReaper

Mngetumia Reaper msingekuwa na matatizo haya yote.

#14 SneaKavu

Nilikuwa nahesabu. Jibu la 13. Mlichelewa leo.

#15 DadaFada

😂 Hapo ndipo penye tatizo la Reaper. Programu yenyewe nzuri, imetengenezwa na Justin Frankel yuleyule wa Winamp, kile kicheza muziki cha kompyuta, ya majaribio unapewa siku 60 bila kizuizi chochote, na zikiisha inakukumbusha tu kwa adabu. Sura yake ikifunguka lakini ni kama daftari la mhasibu. Ila sura si kitu, unaweza kubadilisha. Kinachoiharibia jina ni wafuasi. Mtu kauliza Cubase inakwamia wapi, anajibiwa hamia Reaper. Mtu kauliza maikrofoni, Reaper. Wenye programu wangewalipa nyinyi mnyamaze kidogo.

#16 MtuWaReaper

Si kosa letu kama jibu ni lilelile.

#17 LupuLaZamani

Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, nayo 2021 iliitwa jasusi kila mahali baada ya kununuliwa na Muse Group na kubadilisha sera ya faragha. Kabla ya hapo walishapendekeza kukusanya takwimu za matumizi, watu wakawaka, wakaondoa. Chanzo chake kiko wazi, mtu yeyote anaweza kukisoma, na bado neno jasusi limebaki. Binamu yangu hajui hata Audacity inafanya nini ila anajua inapeleleza.

#18 FundiWaya

Nimerudi. Nimefanya jaribio.

Faili sita: kiki, snea, besi, gitaa, kinanda, manyanga. FL na Cubase. Limita ya masta niliikuta kweli, kiolezo changu ni cha miaka, nimeitoa. Nikageuza fezi, nikabonyeza pleya, nikafunga macho kabisa ili mtu asinitanie.

Kuna kitu kimebaki. Manyanga. Peke yake, kwa mbali, kama yanapigwa chumba cha pili na mlango umefungwa. Vingine vyote hakuna. Kwa hiyo tofauti ipo, MzeeWaBesi. Nasubiri maelezo.

#19 MzeeWaBesi

Manyanga uliyaegemeza?

#20 FundiWaya

Kulia kidogo. Huwa nayaweka kulia siku zote, mkono umezoea.

#21 MzeeWaBesi

Yarudishe katikati pande zote mbili, toa upya.

#22 FundiWaya

Nimefanya. Mita haisogei. Nimepandisha spika mpaka mwisho nikasikia feni ya kompyuta.

Haya. Ila sasa mmeniachia kazi nyingine: nimeitoa limita kwenye kiolezo changu, nimefungua biti ninayotakiwa kuipeleka kesho, iko chini na imelegea kuliko ile niliyomsikilizisha mteja wiki iliyopita. Mnanishauri nini, niirudishe?

#23 SneaKavu

Irudishe, halafu funika skrini.